Mkwaju wa Nyongeza

Nina kasoro ya kupenda sifa, na watu wa Garsen wanaijua kasoro hiyo vizuri kuliko mimi. Ukitaka mche wangu kwa bei nafuu usihangaike kubishana nami. Ingia kitaluni, tembea polepole, sema, "Mama, hii miche yako imesimama kama wanafunzi gwarideni," na mkono wangu utalegea wenyewe. Nimejaribu kuiacha tabia hii nikashindwa. Afadhali basi niseme mapema kwamba haya nitakayoyasimulia yalianza kwa sifa, yakaishia kwenye aibu ambayo hadi leo ikinijia nikiwa peke yangu nacheka kwa sauti.

Kitalu chenyewe kiko nyuma ya nyumba yangu, karibu na barabara ya kwenda Hola. Nimekizungushia fito na vyandarua vilivyotoboka, juu nikaezeka makuti ili jua lipenye kwa vidoa tu. Marehemu baba yangu alihamia huku delta kutoka Ugiriama akiwa na gunia la nazi za kuotesha na shati moja, na mimi nimerithi gunia, si shati. Siwezi kukaa mahali pasipo na kitu kinachoota. Ninauza mipapai, mipera, mindimu na mistafeli, lakini kinachonipa jina ni miembe. Naotesha kokwa za embe la kienyeji kwenye mifuko ya udongo, mche ukifikia unene wa kalamu naukata kichwa na kuuunga na kijiti cha ngowe, lile embe tamu, nafunga jeraha kwa utepe wa nailoni. Ukishika, naufunga kipande cha leso kuukuu shingoni. Leso ni zangu mwenyewe, zilizochakaa. Ukipita kijiji chochote ukaona mwembe mdogo umevaa kitambaa cha maua, ujue huyo ni mtoto wangu.

Sasa, mtu hanunui kitu Garsen akaondoka bila nyongeza. Ukinunua nyanya unaongezewa moja juu ya fungu. Ukinunua maziwa, kikombe kikishajaa, muuzaji anamwagia tena kidogo mpaka yafurike, la sivyo utamwangalia kwa jicho baya na kesho utaenda kwa mwingine. Mimi nyongeza ilikuwa inanisumbua. Nitampa mtu nusu ya mwembe? Nilikuwa nawapa mche wa mpapai, lakini mipapai nayo nauza. Basi siku moja, ule mwaka uliofuatia ukame mkubwa, nikaona kwenye mifuko ya miembe yangu kumeota vimche vingine vidogo, vyembamba, vyenye majani ya kuchanika kama manyoya ya kuku. Nikachekelea. Mikwaju!

Sikukisia bure. Mimi ni mlaji wa ukwaju. Nikiwa najaza mifuko udongo huwa na donge la ukwaju shavuni, na kokwa natemea palepale, kwenye lundo. Miaka ya nyuma mikwaju ya kweli ilikuwa ikiota humo na nikiing'oa kwa kuwa inagombania chakula na mwembe. Safari hii nikaona Mungu amenipa nyongeza bila kunitoza chochote. Nikaviacha vimche. Mteja akinyoosha mkono na kuuliza, "Na nyongeza, mama?" nilimwonyesha ndani ya mfuko. "Hii hapa. Mwembe wako, na mkwaju juu yake. Ukifika nyumbani watenganishe, umwagilie wote." Watu walifurahi sana. Mwaka huo mto Tana ulikuwa umevunja kingo na vijiji vizima vilikuwa vimehamia sehemu za juu, kwenye ardhi tupu isiyo na hata kichaka. Kila mtu alitaka mti. Niliuza miche mpaka nikaishiwa leso za kuchana.

Ni sifa za msimu huo zilizonipeleka kwenye mkutano wa afisa wa mazingira.

Afisa huyo ni binti mpole, mwenye sauti ya chini, na viatu vyake vina matope siku zote, jambo lililonifanya nimpende tangu mwanzo. Alitukusanya wenye vitalu, wakulima wa kando ya mto, na watu wawili watatu wanaotunza bustani za shule na zahanati. Akatueleza juu ya mimea vamizi, yaani mimea ya kigeni inayoingia mahali ikatamalaki hata wenyeji wake wakakosa pa kukaa. Akatuonyesha picha za gugu maji, na za mathenge, ambayo hapa petu haihitaji picha. Nani asiyeijua mathenge? Mwiba wake hupenya soli ya kiatu na tairi la pikipiki. Mbuzi akizoea maganda yake matamu meno yanamwoza. Ukikata shina, linakuchipulia mashina sita.

"Mimi nikipita na gari naona mti ukishakuwa mrefu," alisema. "Nyinyi ndio mnaoinama. Nyinyi mnaona jani la kwanza. Nataka muwe macho ya kaunti." Kisha akanitazama mimi, akasema mbele za watu wote, "Hasa wewe, mama. Kitalu chako kinasifika mpaka Kipini."

Niliondoka pale kichwa kimenivimba, sina pa kukiweka.

Kazi yetu ilikuwa rahisi. Ukiona mmea unaoushuku unapiga picha, unatuma kwenye kundi la simu pamoja na mahali ulipo, na usiung'oe mpaka umeambiwa namna ya kuung'oa. Kitalu kikikutwa nao hakitoi hata mche mmoja mpaka kikaguliwe na kusafishwa. Nilikubali masharti yote kwa sauti kubwa. Wiki hiyohiyo nilipata windo langu la kwanza. Mwenye hoteli ninapokunywa chai alikuwa na beseni mlangoni lililojaa mmea unaoelea, majani yamevimba, maua ya zambarau ya kupendeza kweli. Gugu maji! Nikapiga picha kabla hata sijaagiza mahamri.

"Mama, hili ni ua tu," alinisihi. "Nimelitoa kwenye dimbwi huko njiani. Linapendeza wateja."

"Mvua ikija beseni litafurika," nikamwambia, "maji yataenda mtaroni, mtaro utaenda mtoni, na mwakani wavuvi watakuja kukushukuru na kasia."

Afisa alikuja, gugu likaanikwa juani mpaka likakauka, likachomwa. Mwenye hoteli hakunifukuza, lakini kwa muda mrefu chai yangu ililetwa ikiwa vuguvugu. Niliinywa kwa fahari.

Msimu uliofuata, maji yalikata barabara na wateja hawakufika. Miche mingi ilibaki kitaluni, na kwa kuwa kulikuwa hakuna anayenunua nami nikashughulikia shamba langu dogo la mahindi, nikawa nainyunyizia tu maji jioni na kuondoka. Kiangazi kikapita. Masika ikiwa karibu, nikaingia kuipanga upya miche ya zamani na kuipunguza matawi. Nikaushika mfuko mmoja wa nyuma kabisa, na kitu kikanichoma kwenye kiganja. Nikautoa mkono na tone la damu.

Nilidhani ni msumari. Nikainama, nikafunua majani ya mwembe. Mkwaju wangu wa nyongeza ulikuwa umenifikia kiunoni, na kila penye jani kulikuwa na miiba miwili imesimama wima.

Mkwaju hauna miiba. Mtoto wa chekechea wa Tana River anajua kwamba mkwaju hauna miiba. Nilikaa chini palepale kwenye tope. Nikaangalia mfuko wa pili, wa tatu, nikazunguka safu nzima kwa magoti. Mikwaju ya kweli ilikuwa michache. Iliyobaki yote ilikuwa mathenge, niliyoinywesha maji kwa mkono wangu, ndani ya kitalu cha macho ya kaunti.

Imetoka wapi? Sikuhitaji kufikiri sana. Samadi ninayochanganya na udongo wa mifuko huletwa na mama mmoja Muorma, rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye huja na punda wake akiwa na maziwa upande mmoja na magunia ya samadi upande wa pili. Nilimngoja mpaka alipokuja siku ya tatu, nikamwonyesha ule mfuko. Aliutazama muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Dada, mimi naletea wewe mavi ya ng'ombe," alisema. "Mathenge sijaleta."

"Imo ndani ya mavi."

"Basi hiyo uliza ng'ombe."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitangulia. Naye akacheka, kisha akawa makini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ule mwaka nyasi hakuna," akasema. "Nyasi hakuna kabisa. Maganda ya mathenge ndiyo iko. Ng'ombe atakula nini, atakula wewe? Anakula maganda, tumbo inasaga tamu, mbegu inatoka nzima. Sisi tunajua. Kila mahali tulilaza ng'ombe ule mwaka, sasa ni mathenge."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Wewe ni fundi wa miti."

Neno hilo lilinichoma kuliko mwiba. Alikuwa anajua kitu ambacho mimi fundi sikukijua, na nilikuwa nimenunua samadi kwake miaka yote bila kumuuliza ng'ombe wake wanakula nini.

Alipoondoka nilibaki na simu mkononi. Nitasema ukweli, kwa kuwa sina sababu ya kujipamba: nilifikiria kuing'oa yote asubuhi hiyo, niichome nyuma ya choo, ninyamaze. Nani angejua? Masika ilikuwa inabisha hodi, na kitalu kikifungwa wakati wa masika ni sawa na duka la nguo kufungwa mkesha wa Idi. Tena nilimwona mwenye hoteli machoni pangu. Lakini ile iliyokuwa kitaluni haikuwa shida. Shida ilikuwa ile iliyokwisha kuondoka, imevaa vitambaa vya leso yangu, imekwenda na watu waliohama mafuriko kupandwa mlangoni pao kwa kuwa mimi nilisema ni mkwaju. Hiyo ningeichomaje nyuma ya choo? Watu hawakununua kwangu kwa sababu wanajua miti. Walinunua kwa sababu mimi nikisema huu ni ngowe, utazaa ngowe. Neno langu likishakuwa halina maana, nauza vijiti.

Nikapiga picha. Nikaituma kwenye kundi, nikaandika: "Mathenge. Mahali: kwangu."

Kundi lilinyamaza. Kundi lile halinyamazi hata wakati wa ibada. Kisha mtu mmoja akatuma uso wa kucheka, akaufuta. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika hotelini.

Afisa alifika kesho yake. Sikuweza kumtazama usoni. Alizunguka safu zote, akahesabu kimyakimya, akafunga kamba ya plastiki langoni kwangu kama vile ndani mna maiti. "Mama, sharti ni sharti," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Mpaka tukisafishe." Nikamwambia kwamba kama angeniachia ningemdharau, na nilimaanisha. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Hiyo uliyouza iko wapi?"

"Itajulikana kwa vitambaa," nikamwambia. "Nitaitafuta mimi."

Nilizunguka kwa pikipiki na kwa miguu. Huenda msomaji anategemea niseme ilikuwa safari ya huzuni, lakini haikuwa. Nilikuwa sijatoka Garsen kwa muda mrefu, na kila nilikofika nilipewa kiti, chai na habari. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyunyiza, barabara inanuka udongo. Kijijini Wenje nilikuta miembe yangu mitatu imenawiri, nikaishika majani kama mtu anayesalimia wajukuu. Kuhusu nyongeza, wengi hawakuwa nayo tena. Mwingine mbuzi alikuwa ameila ikiwa changa, mwingine aliikanyaga, mwingine aliing'oa akidhani ni magugu na alikuwa ameogopa kuniambia kwamba ameua mkwaju wangu. Nilimshukuru huyo hadi akashangaa. Michache niliyoikuta hai niliichimba mwenyewe, chini ya shingo ya mzizi ili isichipue tena, kama afisa alivyotufundisha, nikaacha mahali pake mche wa mpera ambao afisa alikuwa ameukagua na kuuruhusu. Watu walinicheka, nikacheka nao. "Yule mama wa mathenge amekuja," walikuwa wakiitana. Jina lenyewe limenikaa mpaka leo.

Iliyobaki ilikuwa Idsowe, ng'ambo tu ya daraja, ambako nilienda mwisho kwa kuwa ni karibu. Mteja wangu huko alikuwa mjane mmoja Mpokomo, mama mzee mwembamba mwenye nguvu za kushangaza, ambaye nyumba yake ya kwanza mto uliichukua pamoja na migomba yake yote. Alikuwa amejenga upya sehemu ya juu, nyumba ya chumba kimoja cha udongo na mabati, hatua chache kutoka kwenye malka, ile njia ya wazi kati ya mashamba ambayo wafugaji hushushia ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Niliona mti kutoka mbali. Ulikuwa peke yake kwenye kiwanja chote. Umepita urefu wa mlango, mashina manne manene kama mkono wangu, umetanda vizuri, na chini yake pamefagiliwa, pamewekwa mkeka na mtungi wa maji. Mjane alikuwa ameketi hapo anachambua mpunga.

Kwenye tawi la chini palikuwa na kitambaa changu. Leso ya kijani, maua ya korosho.

"Karibu, mwanangu!" aliniita kabla sijashuka. "Njoo uone mti wako!"

Nilikaa kwenye mkeka. Kivuli kilikuwa chepesi, chenye upepo, kizuri. Nikamuuliza mwembe uko wapi.

"Mwembe uliliwa na mchwa kiangazi kile cha kwanza. Nikachukua kitambaa chako nikamfunga huyu. Nikasema, basi nibaki na nyongeza. Nimemwagilia maji ya kuogea kila siku. Wewe ulisema nimwagilie wote."

Juu ya kichwa chake niliona vishada vya maua ya manjano, vya kwanza, vinaanza kufunguka. Maua hayo yangekuwa maganda kabla ya msimu kwisha, maganda yangeanguka, na ng'ombe wanaopita hatua kumi kutoka hapo wangeyala na kuyapeleka chini malkani mpaka mtoni. Malka ikiziba kwa miiba ng'ombe hawaachi kunywa maji, wanapita mashambani, na tukifika huko hakuna tena anayecheka.

"Mama," nikasema, "huu si mkwaju."

Aliendelea kuchambua mpunga. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Una miba, mwanangu. Mathenge naijua, nimechomwa nayo mguu nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Nilipoona miba nikasema, ala, hii mathenge. Kisha nikasema, hapana. Mwenye kitalu amesema mkwaju. Yeye amesomea miti, mimi nimesomea wapi? Nikasema pengine siku hizi mkwaju nao mnauunga, mnautia miba kuzuia mbuzi."

Hapo sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Miaka miwili mama huyu aliyakana macho yake mwenyewe kwa ajili ya neno langu. Nimesifiwa mara nyingi maishani, na hakuna sifa iliyowahi kuniumiza kama hiyo.

"Macho yako yalikuwa sawa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, mama. Nimekuja kuung'oa."

Alitazama juu kwenye matawi, akatazama uwanja mtupu unaowaka jua. "Na mimi nitakaa wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nilikuwa na miche mitatu kwenye pikipiki, iliyokaguliwa: mwembe, mkungu wa kivuli, na mkwaju halisi. Alipouona mkwaju aliguna. "Huo mwanangu nitaukalia lini? Nikishakufa?" Nikamwambia mkungu unaenda haraka. Akauliza haraka kiasi gani. Lakini hakuna mti ulio na haraka kuliko ule tuliokuwa tumeketi chini yake.

Tuliukata pamoja. Yeye alivuta matawi kwa kamba, mimi nilishika panga, kisha jembe, nikachimba mpaka shimo likanifika magotini na mzizi ukawa bado unakwenda chini. Viganja vilitoka malengelenge. Mzizi ulipokatika na shina kuinuka, mjane alifungua kile kitambaa cha leso tawini, akakikung'uta vumbi, akajifunga kwenye kifundo cha mkono bila kusema kitu. Maua tuliyachoma palepale. Yale mashina manne niliyachuna magome, tukayachimbia kuwa nguzo za banda, na siku ya pili nikarudi na mzigo wa makuti kutoka kitaluni kwangu, nilikokuwa nimevua paa la nusu ya safu zangu, maana kitalu kilichofungwa hakina haja ya kivuli. Tukaezeka. Alikaa chini ya banda, akajaribu upande huu na upande ule, akasema kivuli cha sasa ni kizito zaidi. Nadhani alisema hivyo kwa huruma. Niliikubali.

Kamba iliondolewa langoni masika ikiwa imepita nusu. Nilikosa wateja wengi, na sikufa. Siku hizi samadi hailali mfukoni kabla haijalala lundoni. Nainyeshea maji, naacha chochote kilichomo kiote, nang'oa, nageuza, narudia mpaka lundo likate tamaa. Rafiki yangu wa maziwa hunieleza kila gunia ng'ombe wamelala wapi na wamekula nini, hata nisipouliza, kwa urefu wa kuchosha. Afisa amempa kazi ya macho ya kaunti na yeye, na anaona mathenge kabla yetu sote. Mwenye hoteli aliniletea chai ya moto ile siku ya kwanza nilipojitokeza. Aliiweka mezani, akaegemea, akasema kwa upole mwingi, "Mama, ni ua tu." Nilistahili. Nyongeza yangu siku hizi ni mpapai.

Halafu juzi, nikiwa najaza mifuko, simu ikalia. Alikuwa mjane wa Idsowe, sauti yake juu, upepo unavuma nyuma yake.

"Mwanangu, nimeona mathenge. Iko malkani, karibu na pale ng'ombe wanapokunywa. Ndogo, kama kidole. Nimesimama nayo hapa na jembe. Nimesema niripoti kwanza."

Nikaanza kuhesabu kichwani ni nani mwingine wa Idsowe niliyemuuzia, ni nani niliyemsahau. "Kidole tu?" nikauliza. "Una hakika si mkwaju, mama? Ikiwa midogo hufanana."

"Nimechuma jani nikalitafuna. Mkwaju una ukali, hii haina. Hayo nilikuwa nayajua kabla hujazaliwa."

Donge la ukwaju lilikuwa shavuni mwangu. Maisha yangu yote natafuna ukwaju, na haikunijia siku moja kutafuna jani. Kisha yeye, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya, akasema, "Usiogope, mwanangu. Nimeangalia pande zote. Haina kitambaa. Hii si yako."

"Ing'oe, mama," nikamwambia.

Hakukata simu. Aliiweka tu chini mahali fulani, na nikasikia jembe likishuka.